Gari, Viraka na Sufuria ya Shaba: Kuendesha Makumbusho ya Waroma Yanayotembea

Ukitaka kuendesha makumbusho yanayotembea kwa vani kuhusu Waroma, jamii ya Ulaya yenye asili ya India, kosa la kwanza huchorwa ubavuni mwa gari. Hata paneli moja haijachapishwa, mtu anashauri vani ipakwe rangi ifanane na gari la farasi la zamani: paa la mviringo, magurudumu ya mbao, maua mekundu na ya manjano. Inapendeza, na wafadhili huipenda. Ikishaingia sokoni katika mji mdogo wa Slovakia au wa kusini mwa Poland, kila mpita njia anathibitishiwa kile alichoambiwa tangu utotoni: Waroma ni watu wa kuhamahama, hawana kwao, leo wapo, kesho hawapo. Mlango haujafunguliwa na mabishano yamekwisha, umeshindwa.

Waroma wengi wa Ulaya ya kati wamekaa mahali pamoja vizazi kwa vizazi. Wale waliokuwa bado wanasafiri walisimamishwa kwa nguvu ya dola: Chekoslovakia kwa sheria namba 74 ya mwaka 1958, Poland kwa marufuku iliyoanza kukazwa mwaka 1964. Gari la makumbusho linatembea kwa sababu wenyeji wa mji hawaendi makumbusho. Waroma kutembea au kutotembea hakuhusiki. Andika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango wako, kisha paka gari rangi moja iliyotulia, na ubavuni weka majina ya miji ambako picha na vitu vilivyomo vimetoka. Mtu akiona jina la mji wake husogea.

Kuna mahali ambapo gari la mbao liko pake. Makumbusho ya Tarnów, Poland, yana magari hayo uani, na tangu 1996 kila Julai msafara wa kumbukumbu hutoka pale kwenda kwenye makaburi ya Waroma waliouawa na Wanazi, likiwemo la Szczurowa walikolala watu 93 waliouawa mwaka 1943. Pale gari si pambo. Waroma wenyewe ndio wanaokwenda makaburini kwa wafu wao.

Neno nalo lina mtego, na kwa msomaji wa Kiswahili mtego ni wa aina yake. Huku kwetu "Mroma" ni Mkatoliki, na Roma ni kwa Papa. Waroma tunaowazungumzia hawatokani na mji huo, wala na jina la nchi ya Romania. Katika lugha yao *rom* ni mwanamume, mume wa mtu. Wako kati ya milioni 10 na 12 barani Ulaya. Majina waliyobandikwa na majirani, kama *Cigán* na *Zigeuner*, kwa wengi ni matusi. Jina la Kiingereza, *Gypsy*, lilitokana na watu kudhani wametoka Misri. Hata miongoni mwao si wote wanaojiita Roma: Ujerumani wapo Wasinti, Hispania na Ufini wapo wanaojiita Kale. Kwa hiyo usichapishe kichwa cha maonyesho kabla ya kuuliza katika kila mji watu wanajiitaje. Ikibidi, acha kibao cha jina kiwe cha kubadilishwa, kilichofungwa kwa skrubu nne.

Kazi yenyewe huanzia mezani kwa mtu, na ndipo muda unapokwenda kuliko bajeti yoyote inavyokadiria. Familia ina picha 40 kwenye boksi la viatu. Kunakili picha 40 kwa skana ya nukta 600 kwa inchi, kuandika nani yuko ndani, wapi, mwaka gani, na kusikiliza kisa cha kila moja, ni siku nzima ya watu wawili. Wanaopanga saa mbili huishia kuomba "tuazime tuzipeleke ofisini", na hapo wanaharibu. Picha isiondoke kwenye ile meza. Skana ndiyo iende nyumbani kwa watu, pamoja na waya mrefu wa umeme. Picha zilizogandishwa kwenye albamu ya gundi usizibandue, zipige kwa kamera zikiwa palepale, taa mbili zikimulika kutoka pembeni ili kioo kisiakisi.

Fomu ya ridhaa iwe na visanduku vitatu vilivyotengana: kuonyeshwa ndani ya gari, kuchapishwa, kuwekwa kwenye intaneti. Wengi hukubali la kwanza na kukataa la tatu, na wana sababu: picha ya mtoto mbele ya nyumba mbovu ikishafika mtandaoni hurudi ikiwa na maneno ya kejeli juu yake. Isome fomu kwa sauti. Halafu, na hili watu hulisahau, rudi baada ya wiki moja uulize upya. Mgeni aliyekaribishwa kahawa haambiwi hapana usoni, kwa hiyo ile ndiyo ya siku ya kwanza mara nyingi ni adabu tu. Katika ziara ya pili ndipo utaambiwa kwamba shangazi aliyemo kwenye picha yuko hai na hajaulizwa.

Vitu halisi viwe vichache. Vani iliyofungwa juani mwezi wa Julai hupita nyuzi 50 za joto ndani, na Novemba asubuhi kuta zake hutoa jasho. Karatasi ya miaka themanini haiwezi hayo. Picha ziende nakala, asili zibaki kwa wenyewe. Vinavyovumilia ni chuma, shaba, mbao ngumu na nguo zinazofulika.

Katika vyote, kitu kinachofanya kazi kuliko paneli kumi ni sufuria ya shaba. Wapo Waroma wanaoitwa Kalderash, jina lililotokana na neno la Kiromania la sufuria, kwa kuwa ufundi wao ulikuwa kufua na kuziba vyombo vya shaba. Usiifungie kwenye kioo. Iweke mezani, imeinamishwa ili mtu aone ndani: bati limepakwa likang'aa kama fedha, na nje alama za nyundo zimejipanga safu kwa safu, kila moja imeipanda kidogo jirani yake. Kando weka bamba la shaba la unene wa milimita 1, nyundo ya uso wa mviringo na kigogo cha kufulia. Mgeni apige. Baada ya mapigo kama thelathini bamba linakuwa gumu na halisogei tena. Hapo mhunzi anaeleza kwamba shaba inayopigwa hukakamaa, lazima ichomwe mpaka iwe nyekundu iliyofifia ndipo ilainike, kisha huzamishwa majini ipoe. Aliyekuja akiamini kwamba watu hawa hawajui kazi ameshika nyundo na ameshindwa kutoa hata bakuli. Hahitaji kuhutubiwa. (Moto wa kuchomea shaba uwe nje, mita 5 kutoka kwenye gari, kizimamoto kando. Ndani ya vani hauruhusiki, na usibishane na zimamoto juu ya hilo.)

Lugha ni kitu cha pili chenye nguvu, na hakina uzito wowote. Kiroma kimetoka India kaskazini. Maji ni *pani*, pua ni *nakh*, jino ni *dand*: Mhindi mwenye duka la vitambaa Mombasa hahitaji mkalimani hapo. Hesabu hadi kumi zinakwenda hivi: *jekh, duj, trin, štar, pandž, šov, efta, oxto, enja, deš*. Saba, nane na tisa ni za Kigiriki, zilizookotwa njiani. Msomaji wa Kiswahili ataona jambo hili haraka kuliko mtu wa Bratislava, kwani sita, saba na tisa zetu ni za Kiarabu, zilizobaki hadi kumi ni za Kibantu, na gari lenyewe tumelitoa India. Ukutani weka vibao kumi vya kugeuza, upande mmoja namba, upande wa pili neno, na rangi tofauti kwa zile tatu za Kigiriki. Watoto huzigeuza wenyewe na wazazi wanasoma juu ya mabega yao.

Lakini Kiroma kina lahaja nyingi, na maandishi yake hayajazoeleka kwa wazee wengi wanaokizungumza kila siku. Maelezo marefu kwa Kiroma huwa pambo la kumridhisha mfadhili. Rekodi sauti. Spika hazifai sokoni, zinashindana na muuza kuku na zinashindwa. Tumia mkono wa simu ya zamani ya mezani: mtu anauinua, anasikia mama akisimulia kwa sekunde 90, anaurudisha. Hukatika pale waya unapoingia kwenye mkono, kwa hiyo safiri na mikono miwili ya akiba na kifaa cha kulehemu.

Historia ngumu ipewe nafasi yake bila kumeza gari zima. Utumwa katika Wallachia na Moldavia, ambazo leo kwa sehemu kubwa ziko Romania, unaonekana kwenye hati tangu 1385 na ulifutwa 1855 na 1856. Wageni wengi hawajawahi kuusikia, wakiwemo waliosoma Romania. Kisha mauaji ya halaiki: usiku wa Agosti 2 mwaka 1944, huko Auschwitz-Birkenau, zaidi ya watu 4,000 waliobaki katika kambi ya familia za Waroma na Wasinti walipelekwa kwenye vyumba vya gesi. Neno *Porajmos*, jina la mauaji hayo, utaliona kwenye vitabu, lakini katika baadhi ya lahaja lina maana chafu inayohusu mwili, na bibi akilisoma ukutani ataondoka na wajukuu wake. Wengine hutumia *Samudaripen*. Uliza, kabla ya kuchapisha. Picha za maiti usiweke. Wapo Waroma waliochora waliyoyaona: Ceija Stojka wa Austria, aliyezaliwa 1933 na kunusurika kambi tatu, alianza kuchora akiwa amevuka miaka 50. Nakala za kazi kama hizo zinahitaji ruhusa ya wenye haki, na majibu huchukua miezi, si wiki. Na usiishie 1945. Maonyesho yanayoishia hapo humwacha mgeni akihurumia wafu na kuwakwepa walio hai.

Sasa uzito, ambao huwaangusha wengi. Kwa leseni ya kawaida ya Ulaya gari lisizidi kilo 3,500 pamoja na dereva, mafuta na kila kilichomo. Vani ndefu ikiwa tupu ina kilo 2,200 hivi. Unabaki na 1,300. Ukizungusha sakafu na kuta kwa plaiwudi ya milimita 12, mita za mraba 25, umekula kilo 200. Watu watatu ni 240. Turubai la kivuli na nguzo zake, meza, viti, betri, cherehani, maji, vitabu vya kugawa ambavyo hakuna aliyevipima: zimekwisha. Tumia paneli za milimita 3 zenye ngozi ya aluminiamu, ya sentimita 80 kwa 120 haifiki kilo 4. Zile za povu ni nyepesi zaidi na bei nafuu, lakini hujikunja kama chapati zikipigwa na jua mchana mmoja. Pita mizani mara mbili, tupu na ukishapakia, na upime kila ekseli peke yake, maana gari linaweza kuwa sawa kwa jumla na bado likavunja sheria nyuma.

Njia ya kiti cha magurudumu haina mkato. Sakafu ya vani iko sentimita 65 juu ya ardhi, na mteremko salama ni 1 kwa 12, yaani mbao ya karibu mita 8. Huwezi kuibeba. Suluhisho ni kupanga nusu ya makumbusho nje chini ya turubai, ile nusu nzuri, sufuria na meza ya kushona zikiwemo. Hili linatibu pia tatizo la nafasi: ndani ya vani wanaenea watu 6 hadi 8, na darasa la watoto 25 likija lote kwa pamoja hutaonyesha kitu. Umeme ni rahisi. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200 hivi, na taa za LED pamoja na simu zile hazivuki wati 90. Hesabu saa 10, usihesabu 13. Jenereta acha nyumbani, mlio wake unaua maongezi.

Kwenye sanaa ya pamoja ndipo watu huiga bila kuelewa. Małgorzata Mirga-Tas, msanii wa Kiroma wa Poland, hushona picha kubwa kwa nguo za ndugu na majirani zake. Mwaka 2022 aliiwakilisha Poland katika maonyesho ya Venice kwa paneli 12 za vitambaa, Mroma wa kwanza kuwakilisha nchi pale. Tangu hapo kila mradi unataka viraka. Kushona kwa mtindo wake bila msanii wa Kiroma anayelipwa kuongoza kazi ni wizi wenye nia njema. Muajiri, mwandikie mkataba, mlipe pia siku za maandalizi.

Ukishampata, hesabu zake ni hizi. Kata viraka vya sentimita 32 kwa 32, mshono sentimita 1 kila upande, ubaki na 30. Viraka 24, vinne kwa sita, vinatoa shuka la 120 kwa 180. Nyuma weka amerikani iliyofuliwa. Kila nguo inayoletwa ifuliwe kwanza kwa maji moto pamoja na kipande cheupe, ukiona weupe umegeuka waridi, nguo hiyo ichovywe tena au isishonwe karibu na nyeupe. Fulana hunyumbuka, ibandike kitambaa cha nyuma kwa pasi kabla ya kukata. Jinzi ikishonwa na hariri, hariri huchanika ndani ya mwezi.

Cherehani iwe ya mkono. Sababu si umeme tu. Anayeanza hawezi kuzungusha na kuongoza kitambaa kwa wakati mmoja, hivyo wanakaa wawili: mmoja anazungusha, mwingine anashika. Mkaaji wa mtaa wa Waroma na mkaaji wa upande wa pili wa reli. Wa kuzungusha akienda kasi, wa kushika anapiga kelele, wanacheka, wanapunguza mwendo. Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana tu hakuondoi chuki. Kunahitaji hadhi sawa, lengo moja, kushirikiana, na wenye mamlaka kuunga mkono. Gari zima halitimizi masharti hayo. Cherehani ile moja inatimiza matatu, na la nne linapatikana meya akija kukaa kwenye kiti cha kuzungusha.

Kibali cha uwanja kiombwe wiki 6 hadi 8 mapema, na mchoro wenye vipimo vya mita. Bima ya gari haifuniki vilivyomo, kata nyingine. Epuka wiki za uchaguzi. Kaa siku mbili kila mji, kwani siku ya kwanza ni ya kuchungulia, na ya pili ndiyo watu hurudi na picha ya babu mfukoni. Ila kabla ya uwanja, jioni moja iwe mtaani kwa Waroma wenyewe. Waone wao kwanza, na wawe na haki ya kuondoa. Kwa sababu hiyo paneli hufungwa kwa skrubu, kamwe si gundi. Ikitolewa moja, acha nafasi ile wazi. Mgeni akiuliza, mwambie mwenyewe amebadili mawazo.

Waongozaji wawe wawili, mmoja Mroma, na wote wakijua kwamba kuna maswali wasiyolazimika kujibu. "Mbona hawasomeshi watoto?" litaulizwa kabla ya saa nne asubuhi. Jibu lake liko ukutani: Novemba 13, 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Jamhuri ya Cheki iliwabagua watoto 18 wa Kiroma wa Ostrava waliopelekwa shule za wenye upungufu wa akili. Katika mji huo mtoto wa Kiroma alikuwa na uwezekano mara 27 zaidi wa kupelekwa huko kuliko mwingine. Swali la wizi halina paneli. Mwongozaji mzoefu huuliza, "Wewe uliibiwa na nani?" halafu ananyamaza. Mara nyingi aliyeibiwa ni binamu ya jirani.

Lakini jibu zuri halifuti uchovu. Mwongozaji wa Kiroma husikia tusi lilelile mara kumi na mbili kwa siku, mengine yakija kama sifa: "Wewe huonekani Mroma kabisa." Kila dakika 90 apumzike, asiachwe peke yake, na baada ya siku mbili za uwanja alipwe ya tatu ya kulala. Miradi iliyookoa fedha hapa ilipoteza waongozaji katikati ya msimu. Mpiga picha wa gazeti naye atataka fidla na mtabiri wa viganja. Mpe mhunzi.

Gari litachorwa na wenye chuki. Mnara wa mbao wa Mirga-Tas huko Borzęcin, Poland, wa kuwakumbuka Waroma waliouawa vitani, ulivunjwavunjwa mwaka 2016 na ukajengwa upya. Bandika filamu ya kuzuia rangi tangu mwanzo, usilaze gari uwanjani, na likipakwa swastika, piga picha, ripoti polisi, kisha safisha. Wapo wasanii watakaosema iachwe kama "sehemu ya kazi". Wanaosimama mbele yake kutwa ndio waamue, na sijawahi kusikia wakichagua iachwe.

Kupima kama kuna kilichobadilika kuna aibu yake. Maharage kwenye mitungi ya kioo, mmoja ndiyo, mmoja hapana, chini ya swali "Ungempangisha Mroma nyumba yako?", hutoa majibu mazuri mno, kwa kuwa kila mtu anaonekana anatia wapi. Tumia sanduku lililofungwa, maharage meupe wakati wa kuingia, mekundu wakati wa kutoka. Namba za ndiyo zitakuwa ndogo kuliko za mitungi. Ndizo za kumpelekea mfadhili.

Msimu ukiisha, kila familia irudishiwe nakala zake kwenye kadi ya kumbukumbu na karatasini. Shuka la viraka ndilo huleta ugomvi: mji unalitaka, makumbusho ya mkoa yanalitaka, na mwenye gauni la mamake lililo safu ya tatu analitaka gauni lake. Andikeni mapema kwamba kiraka ni cha aliyekileta. Ndiyo maana kwenye cherehani kipimo cha mshono huwekwa milimita 4, mrefu kuliko kawaida, na uzi wa chini huwa wa rangi nyingine: ili siku mtu akija, ukate nyuzi za upande wa nyuma, uvute, na kitambaa kitoke bila kuchanika.